Mistari sita kichwani, chuma kingine ndani: kisa cha bolti za gredi 8 Marekani

Kuna kisa kimoja cha bolti ambacho naona kila fundi na kila mtu anayenunua vyuma vya bei rahisi angetakiwa akijue, ila wengi hawajawahi kukisikia, kwa sababu kilitokea Marekani miaka ya 1980 na hakikuacha nyuma picha moja ya kutisha ambayo watu wangeikumbuka. Kilichotokea ni kwamba soko la nchi nzima liliingiwa na bolti ambazo kichwani zilisema kitu kimoja na ndani zilikuwa kitu kingine, zikafika kwenye maghala ya jeshi, kwenye vituo vya nyuklia, kwenye mitambo na magari makubwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyeshtuka. Watu walikuwa wananunua, wanafunga, wanakaza na spana, kazi inaendelea.

Nakipitia pole pole maana wanaokisikia juu juu huwa wanaondoka na jibu moja tu, kwamba vya nje ni vibovu basi nunua vya ndani, na mimi naona jibu hilo linamwacha mtu palepale alipokuwa, anaamini kitu ambacho hajakipima.

Tuanze na alama. Bolti za inchi zinafuata kiwango cha SAE, kile chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kiwango kinaitwa J429, na ukiangalia juu ya kichwa cha bolti utakuta mistari midogo. Kichwa kitupu maana yake ni gredi ya chini, mara nyingi gredi 2, mistari 3 ni gredi 5, mistari 6 iliyotawanyika kuzunguka kichwa kizima ni gredi 8. Kwa wanaotumia milimita, gredi 8 ndugu yake wa karibu ni ile bolti iliyoandikwa 10.9. Sasa tofauti ya hizi gredi sio ndogo hata kidogo. Chukua bolti ya nusu inchi yenye uzi wa kawaida, ile ya gredi 2 unaivuta inakatika kwenye kama tani 4.8, ya gredi 5 inaenda mpaka kama 7.7, ya gredi 8 kama 9.6, yani mara mbili ya ile ya kwanza, na zote tatu zina unene uleule, urefu uleule, spana ileile, na ukizisafisha ukaziweka mezani zimelala kifudifudi hakuna binadamu atakayekwambia ipi ni ipi. Kitu pekee kinachokwambia ni ile mistari. Ukiitoa mistari au ikidanganya, hauna kitu.

Gredi 8 inapataje hizo nguvu? Kuna mambo mawili, chuma chenyewe na moto. Chuma kinatakiwa kiwe na kaboni ya wastani na kimechanganywa na madini mengine, kromiamu, molibdenamu, nikeli, manganizi, inategemea na mchanganyiko. Alafu bolti ikishaundwa inapashwa moto mpaka inaiva nyekundu, inazimwa ghafla kwenye mafuta, hapo inakuwa ngumu sana lakini inavunjika kirahisi, kwahiyo inarudishwa kwenye moto mara ya pili, moto wa chini zaidi, ili ipungue ugumu kidogo ipate ustahimilivu. Kwa gredi 8 kiwango kinasema huo moto wa pili usiwe chini ya nyuzi 425 za Selsiasi. Shikilia hiyo namba, kisa chote kiko hapo.

Pembeni ya gredi 8 kuna ndugu yake anaitwa gredi 8.2. Huyu ni halali kabisa, yumo kwenye kiwango kilekile. Anatengenezwa kwa chuma chenye kaboni kidogo ambacho kimetiwa boroni, na boroni ni kitu cha ajabu, unaweka kiasi kidogo mno, kuanzia asilimia 0.0005 tu, na chuma kinakubali kuwa kigumu kama kile chenye madini ya bei. Kwa mtengenezaji hiyo ni nafuu mara mbili, malighafi inakuwa rahisi na chuma chenye kaboni kidogo ni laini kukiunda kabla ya kuingia kwenye moto. Ila moto wake wa pili unaruhusiwa kuanzia nyuzi 340 tu. Nguvu ya kukatika kwenye joto la kawaida ni ileile, pauni 150,000 kwa inchi ya mraba, na ugumu ni uleule pia, Rockwell C kati ya 33 na 39. Kiwango kikampa alama yake ili asichanganywe, mistari 6 nayo lakini imebanana upande mmoja wa kichwa kama miale ya jua linalochomoza. Mtu anayejua akiiona anajua hii ni ya boroni, isiende sehemu yenye joto.

Sasa kilichofanyika ni hiki. Bolti za boroni zilitengenezwa nje, nyingi Japani, zikapigwa mistari 6 iliyotawanyika, ile ya gredi 8, na zikauzwa kama gredi 8 kwa bei ambayo watengenezaji wa gredi 8 ya kweli hawakuweza kuifikia. Ndo hivo tu. Hakuna aliyeuza kipande cha bati akakiita bolti. Aliuza bolti ngumu, iliyonyooka, uzi msafi, na ukiipeleka kwenye mashine ya kupima ugumu inafaulu, ukiivuta mpaka ikatike inafaulu, na hapo ndipo ninaposema kisa hiki ni cha kusoma kwa makini, kwa sababu udanganyifu ulikaa mahali ambapo vipimo vya kawaida haviangalii. Bidhaa feki ambayo imejaa kutu au imepinda sio ya kuogopwa sana, hiyo utaikataa mwenyewe dukani. Ya kuogopwa ni ile inayofaulu mtihani rahisi.

Kuikamata unahitaji moja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni kupima chuma chenyewe kimaabara, kuangalia kuna kaboni kiasi gani, kuna boroni, kuna kromiamu. Cha pili ni kipimo kizuri sana na kiko wazi, unapima ugumu wa bolti, unairudisha kwenye moto uliopungua kidogo tu kwenye ile 425, unaiacha humo kama nusu saa, inapoa, unapima tena. Kama kweli ilishawahi kupita kwenye 425 huko kiwandani basi haitabadilika sana, imeshazoea. Kama ilipita kwenye 340 tu, ugumu utashuka wazi wazi. Moto wa kiwandani haufichiki. Lakini jiulize ni nani anayenunua sanduku la bolti alafu anaanza kuzichoma kwenye tanuru?

Wa kwanza kupiga kelele walikuwa ni watengenezaji wa ndani, kupitia chama chao kinaitwa Industrial Fasteners Institute, katikati ya miaka ya 1980. Na hapa wapo waliosema, wakati ule na hata baadaye, kwamba hawa walikuwa wanalinda biashara yao, maana bolti za nje zilikuwa zimewabana vibaya sana sokoni. Ni kweli walikuwa na maslahi, sioni sababu ya kuficha hilo. Ila kipimo cha maabara hakijali nani amekileta. Bolti ile ile unaweza kuichukua wewe ukaipeleka maabara nyingine ukapata jibu lilelile, na ndivyo ilivyokuwa, wengine wakapima wakakuta kweli.

Novemba 1987 tume inayosimamia nyuklia Marekani, NRC, ikatoa waraka namba 87-02 kwenda kwa vituo vyote vya umeme wa nyuklia, kila kituo kichukue kwenye stoo yake bolti zisizopungua 10 za sehemu zinazohusu usalama na nyingine 10 za sehemu za kawaida, na nati zake, zipelekwe maabara zipimwe nguvu na zipimwe chuma. Mimi nikisoma hilo huwa nafikiria jambo moja tu. Vituo vya nyuklia ndio wanunuzi wenye makaratasi mengi kuliko mtu yeyote, kila kitu kina cheti, kila cheti kina saini, na bado iliwalazimu waende stoo waanze kuvuta bolti moja moja kujua wana nini. Kama wao ilibidi, fundi wa kawaida aliyenunua kwa kilo anasimama wapi?

Kwenye bunge la Marekani kamati ndogo ya uchunguzi iliyokuwa chini ya mbunge John Dingell ikalichukua suala hilo, ikaita watu, ikakusanya ushahidi, na 1988 ikatoa ripoti. Walichokikuta kilikuwa kipana kuliko mistari 6. Kulikuwa na bolti zisizo na alama yoyote ya aliyezitengeneza, kulikuwa na vyeti vya majaribio ambayo hayajawahi kufanyika, mtu anakaa ofisini anaandika namba anazojua mteja anataka kuziona, na kulikuwa na wauzaji wa Marekani kwenyewe waliokuwa ndani ya mchezo, sio watu wa nje peke yao. Hii sehemu ya mwisho huwa inarukwa na wanaosimulia kisa, na naona sio haki kuiruka.

Sasa turudi kwenye chuma maana hapa ndo penye hatari yenyewe, na ndipo watu wengi wanapopotea. Swali linaloulizwa kila mara ni hili, kama nguvu ya kukatika ni ileile, tatizo liko wapi?

Tatizo liko kwenye namna bolti inavyofanya kazi. Bolti haikai pale kama mti uliochomekwa kwenye tundu. Ukiikaza unaivuta, inarefuka kidogo sana, na kwa sababu inataka kurudi inabana vipande viwili pamoja kama springi, na ni ule mbano ndio unaobeba kazi. Kwa kawaida bolti inakazwa mpaka kama robo tatu ya mzigo ambao inaweza kuuvumilia bila kunyooka moja kwa moja, yani kurefuka bila kurudi. Kwa ile nusu inchi ya gredi 8, huo mzigo wa kuvumilia ni kama tani 7.7, kwahiyo ukikaza vizuri umeweka zaidi ya tani 5 na nusu za mbano kwenye kitu kinene kama kidole. Sasa mashine ikianza kutetemeka, kuvuta na kusukuma, ule mtikisiko mwingi unaishia kwenye vipande vilivyobanwa, bolti yenyewe inahisi kidogo tu. Maadam mbano upo, bolti inaweza kuishi miaka na miaka.

Ukipungua mbano, mambo yanageuka. Vipande vinaanza kuachana kidogo na kurudi, kuachana na kurudi, na kila mara bolti inabeba mzigo wote peke yake. Hapo inaanza kuchoka. Ufa mdogo unaanzia kwenye mzizi wa uzi wa kwanza ndani ya nati, au pale chini ya kichwa kwenye kona, unatembea kidogo kidogo kila mzunguko, na siku moja chuma kilichobaki hakitoshi tena, inakatika paap, kwenye mzigo ambao imeubeba mara elfu bila shida. Watu wanasema "imekatika yenyewe". Ukiokota kipande ukakiangalia sehemu iliyokatika utaona mistari ya mawimbi mawimbi kwenye eneo laini na upande mmoja eneo lenye chembechembe, lile laini ndo ufa ulipotembea, lile la chembechembe ndo pale ilipokubali mara ya mwisho. Fundi anayetupa kipande kilichokatika bila kukiangalia anatupa maelezo ya ajali yake.

Na joto ndo linalopunguza mbano kwenye bolti ya boroni. Chuma kilichokazwa kikikaa kwenye joto muda mrefu kinalegea ndani kwa ndani, kinakubali ule urefu kilioongezwa, springi inaacha kuwa springi. Chuma chochote kinafanya hivo joto likiwa kubwa ya kutosha, lakini kile kilichopita kwenye moto wa 340 kinaanza kulegea mapema kuliko kile kilichopita 425, na hakihitaji kufika huko kwenye 340 yenyewe, kinaanza kabla. Kwahiyo ile bolti inafungwa leo ikiwa baridi, toki, ile nguvu ya kuzungusha inayotakiwa wakati wa kukaza, imefika, kila kitu sawa, mashine inawashwa, inapata joto, inapoa, inapata joto, na baada ya muda mbano umeshuka na hakuna dalili yoyote nje, nati haijazunguka hata kidogo, alama ya rangi uliyoweka iko palepale. Unakagua unaona iko sawa. Hiyo ndo sababu nakataa kabisa hoja ya kwamba nguvu ni sawa basi hakuna neno.

Niongeze kwa haraka, hata gredi 8 ya kweli haifai kila sehemu ya moto, kwenye manifodi ya egzosi au turbo kuna bolti zake maalumu, usitoke hapa ukasema mistari 6 halisi inafunga popote.

Kuna na jambo la toki ambalo linafanya haya yote kuwa magumu zaidi kuyaona. Ukikaza na spana ya toki, ile nguvu unayoisikia mkononi nyingi inaliwa na msuguano, karibu nusu chini ya kichwa na kama asilimia 40 kwenye uzi, inayobaki kuvuta bolti ni kama asilimia 10. Kwahiyo spana ikilia haikwambii chuma ni cha aina gani, na uzi ukiwa umechongwa vibaya au umepakwa zinki kwa kulipua utasikia toki imefika wakati mbano haujafika hata nusu. Spana ya toki ni nzuri, itumie, ila sio kipimo cha ubora wa bolti.

Na nati pia. Kwenye kisa hiki watu wanazungumzia bolti tu lakini nati iliyotengenezwa vizuri inakuwa imepimwa ili ukizidisha kukaza bolti ndo ikatike, sio uzi uchunike. Ni makusudi. Bolti ikikatika wakati unafunga umeona, unaitoa unaweka nyingine. Uzi ukianza kuchunika nusu nusu hauoni, unadhani umekaza, unaondoka, na inakuja kuachia baadaye ikiwa kazini. Nati laini kwenye bolti ngumu ni mtego, na huko kwenye mafungu ya bei ya chini nati ndo inayochezewa mapema zaidi maana hakuna anayeiangalia.

Tarehe 16 Novemba 1990 Rais George H. W. Bush akasaini sheria inaitwa Fastener Quality Act. Ilihusu bolti na nati na skrubu za robo inchi kwenda juu, zile zilizogumishwa kwa moto na zenye alama ya gredi. Ukidanganya kuhusu bolti kwa kujua unaweza kufungwa, na iliweka faini ya mpaka dola 25,000 kwa kila kosa. Ilitaka bolti zipimwe na maabara zilizothibitishwa na ilitaka kila mtengenezaji aweke alama yake kichwani pamoja na mistari ya gredi, na hiyo alama iandikishwe serikalini, kwenye ofisi ya hataza na alama za biashara.

Utekelezaji wake ulikuwa wa kusuasua sana. Viwanda vililalamika kwamba gharama ya maabara itawaumiza hata waliokuwa hawana kosa, watengenezaji wa magari na wa ndege wakasema wao tayari wana mifumo yao ya kudhibiti ubora, tarehe ya kuanza ikasogezwa, ikasogezwa tena, ikarekebishwa 1996, bolti za ndege zilizoidhinishwa zikaondolewa kwenye sheria 1998, na 1999 ikaandikwa upya kwa upole zaidi, kwamba kiwanda chenye mfumo wa ubora unaokubalika hakilazimiki kupita njia ile ndefu. Wako wanaosema sheria ilinyofolewa meno. Mimi naona jino la muhimu lilibaki, nalo ni ile alama ya mtengenezaji. Maabara inapima bolti chache kati ya maelfu, lakini herufi zilizopigwa kichwani ziko kwenye kila bolti, na zikiandikishwa zina mwenyewe, kuna mtu wa kumfuata. Kabla ya hapo mistari 6 ilikuwa ni ahadi isiyo na jina la aliyeahidi. Yeyote mwenye kifaa cha kupiga chapa alikuwa anaweza kuahidi.

Hapo ndo naposimama mimi kwenye kisa hiki chote. Chuma hakikaguliki kwa macho, hakikaguliki kwa uzito mkononi, na hakikaguliki kwa kuuliza muuzaji. Kinachobaki ni kujua kimetoka kwa nani na huyo mtu anaweza kupatikana. Bei ya chini ikishaambatana na kutojulikana kwa mtengenezaji, wewe ndo umekuwa maabara, na mashine yako ndo kipimo, na watu waliosimama karibu nayo ndo wanaolipia majibu.

Na suala la nje na ndani? Japani inatengeneza chuma kizuri kuliko nchi nyingi duniani, hakuna ubishi. Uwezo wa kutengeneza gredi 8 halisi ulikuwepo. Kilichoamua boroni iingie ni bei ambayo upande wa pili walikuwa wanaitafuta, mnunuzi anasukuma chini, msambazaji anasukuma chini, na mahali fulani kwenye mnyororo mtu anakubali kubadilisha chuma na kuacha mistari kama ilivyo. Alafu angalia upande mwingine. Machi 2013 kwenye sehemu mpya ya mashariki ya daraja la Bay kati ya San Francisco na Oakland, fimbo kubwa za nanga zenye unene wa inchi 3 zilikazwa na baada ya siku chache zikaanza kukatika, 32 kati ya 96. Zile zilitengenezwa Marekani kwenyewe, na wala hazikuwa za kuokoteza. Zilikuwa ngumu mno kwa kazi ile, zimechovywa zinki, na haidrojeni ikaingia ndani ya chuma ikakifanya kivunjike bila onyo. Ikabidi wajenge tandiko kubwa la chuma kubeba kazi ya zile fimbo. Kwahiyo anayeniambia ananunua vya nchi fulani tu basi yuko salama, namwonyesha zile 32.

Ila nisieleweke vibaya, bei ya chini sana ni dalili na inatakiwa ikusimamishe. Chuma chenye madini kina bei yake, masaa ya tanuru yana bei yake, kupima kuna bei yake. Bolti ya mistari 6 inayouzwa sawa na ile ya kichwa kitupu, kuna hatua mojawapo hapo haikufanyika, unachokosa kujua ni ipi tu.

Kwa mtu ambaye hana maabara, nini kinawezekana? Kikubwa kuliko vyote ni kukataa bolti yenye mistari ya gredi lakini haina alama ya mtengenezaji. Hii sio maoni yangu tu, lile tangazo la alama za kutiliwa shaka ambalo Marekani iliisambaza baada ya kisa hiki, na ambalo wizara yao ya nishati imeendelea kulitumia miaka mingi, linaanza na hilohilo, bolti zote za gredi 5 na gredi 8 zilizotoka nje zisizo na alama yoyote ya mtengenezaji zihesabiwe ni mbovu, bila hata kusubiri kipimo. Baada ya hapo zinafuata alama za herufi zilizokuwa zinajulikana kuwa na matatizo, kwa mfano J na KS kwenye gredi 5. Kwenye milimita angalia vilevile, namba kama 8.8 au 10.9 ziwepo na herufi za kiwanda ziwepo, zimepigwa vizuri na zinasomeka, namba bila herufi ni ishara mbaya.

Usichanganye mafungu. Bolti ikitoka kwenye sanduku lake lenye lebo na namba ya fungu ikaingia kwenye kopo la mchanganyiko, imeshapoteza kila kitu ilichokuwa nacho, hata kama ilikuwa nzuri. Muuzaji mwenye cheti mwombe kinachoonyesha namba ya fungu ileile iliyo kwenye sanduku na kinachotaja chuma, sio ugumu peke yake, maana tumeshaona ugumu ulivyodanganya watu. Cheti ambacho kila namba iko katikati kabisa ya kiwango, kila fungu, kila mwaka, kisikufurahishe, chuma cha kweli huwa kinapanda na kushuka kidogo.

Faili ya chuma inasaidia kwa kiasi, ukiipitisha kwenye bolti inayodai ni gredi ya juu ikala kirahisi kama inakula msumari basi hiyo haikugumishwa au uso wake umepoteza kaboni kwenye tanuru, uiache. Lakini ikikwaruza kwa shida usishangilie, zile za boroni nazo zingefaulu. Sumaku haikusaidii hapa kabisa. Na kama sehemu ni ya kuinulia mzigo, ya breki, ya usukani, au iko juu ya vichwa vya watu, chukua bolti moja au mbili za fungu lile uzipeleke zikapimwe chuma, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kinachobebwa pale. Sehemu ya kufungia rafu ya ukutani huhitaji kuhangaika hivo, na sioni sababu ya kumtisha mtu kwa ajili ya rafu.

Ukishafunga sehemu yenye joto na mtikisiko, rudi uangalie mbano wakati imepoa, baada ya kazi za mwanzo, kwa spana, sio kwa macho. Ikikubali kuzunguka kabla ya toki yake na hujui ni kwanini, usikaze tu ukaondoka. Itoe, ipime urefu, ilinganishe na mpya ya fungu lile. Iliyorefuka imeshanyooka, haifai tena, na wenzake waliofungwa pamoja nayo nao watoke.

Kuna jambo moja la mwisho ambalo kwenye zile taasisi za nishati za Marekani limekuwa ni utaratibu, na naona halifuatwi sehemu nyingi. Bolti ikishagundulika ni ya uongo hairudishwi kwa muuzaji. Mtu anafikiri kurudisha ndo haki, apate hela yake, lakini ikirudi inaingia tena kwenye rafu na wiki ijayo iko kwa mwingine. Zinatengwa, zinawekwa lebo, zinabaki kama ushahidi mpaka suala liishe, alafu zinakatwa vipande au kuyeyushwa. Hela dai kwa picha, kwa sampuli na kwa majibu ya maabara, ila sanduku lisitoke mkononi mwako likiwa bado linaweza kufungwa mahali.